Nilikosa kwa miezi mitatu: pensheni mpya na sisi polisi tulio bado kazini

AfandeWaBonde (mwanzilishi wa uzi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu salamu. Uzi ni mrefu, asomaye na asome polepole.

Mimi na rafiki yangu tuliingia Kiganjo, chuo cha polisi hapa Kenya, siku moja mwaka 1998. Bweni moja, gwaride moja, namba za kazi zinafuatana. Yeye alizaliwa Desemba 1975, mimi Machi 1976. Kwa miaka ishirini na kitu tofauti hiyo haikuwa na uzito wowote. Ilipata uzito tarehe 1 Januari 2021, siku PSSS, ule mpango mpya wa malipo ya uzeeni kwa watumishi wa umma, ulipoanza kazi. Yeye alikuwa ametimiza 45, kwa hiyo akaachiwa hiari ya kubaki kwenye pensheni ya zamani. Akabaki. Mimi nilikuwa na 44 na miezi tisa. Sikuulizwa kitu, nikahamishwa.

Sheria yenyewe ni ya 2012. Ilipitishwa, ikalala miaka minane, na ilipoamka ikatukuta tukiwa katikati ya safari.

Kilichonifanya niandike ni vijana wa kituo changu. Wanaangalia hati ya mshahara, wanaona asilimia 7.5 imekatwa, wananung'unikia makato. Nawaambia makato ni sehemu ndogo ya habari. Kikubwa ni kwamba ahadi yenyewe imebadilika.

Zamani, chini ya Sheria ya Pensheni, Sura 189, afisa hakuchangia pensheni yake. Serikali ililipa, na hesabu ilijulikana: miezi uliyotumika, mara mshahara wako wa mwisho wa mwaka, gawanya kwa 480. Tuchukue mtu anayestaafu na mshahara wa msingi wa shilingi 60,000 kwa mwezi baada ya miaka 30. Miezi 360, mshahara wa mwaka 720,000. Pensheni yake ni 540,000 kwa mwaka. Akibadilisha robo kuwa mkupuo, ile 135,000 inazidishwa mara 20, anapata 2,700,000 mkononi, kisha 33,750 kila mwezi hadi afe. Hata konstebo aliyekomea darasa la nane angeweza kupiga hesabu hiyo nyuma ya kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio kituoni, na kujua uzee wake utakuwaje.

Sasa tunachangia. 2021 tulikatwa asilimia 2, mwaka uliofuata 5, tangu 2023 ni 7.5. Serikali inaweka 15. Jumla 22.5 ya mshahara wa msingi inaingia kwenye akaunti yenye jina lako, inawekezwa, na siku ya kustaafu unapewa kilichokusanyika. Unaruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja mkononi. Kilichobaki kinakununulia malipo ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima, au unakiacha kwenye mfuko unaochota kidogo kidogo.

Jambo ambalo sijasikia likizungumzwa barazani hata siku moja ni kupandishwa cheo.

Polisi wengi tunapanda tumechelewa. Unakaa konstebo miaka kumi na mitano, halafu ukiwa na 55 unavishwa cheo na watu wanakupigia makofi. Zamani cheo hicho cha mwisho kiliinua maisha yako yote ya kazi, kwa sababu hesabu ilitumia mshahara wa mwisho. Yule wa 60,000 akipandishwa hadi 80,000 miaka miwili kabla ya kustaafu, pensheni yake inatoka 540,000 kwa mwaka hadi 720,000. Ongezeko la 180,000 kila mwaka, hadi kaburini.

Kwenye mpango mpya, nyongeza ya 20,000 inaleta mchango wa ziada wa 4,500 kwa mwezi. Kwa miezi 24 ni 108,000. Basi. Mara moja tu.

Rudieni hizo namba mbili. Cheo kilekile, bega lilelile, jasho lilelile. Mmoja kinamlisha uzeeni, mwingine kinamlipia karo ya muhula mmoja. Na ninyi mnajua nani hupandishwa mapema na nani hupandishwa akiwa na mvi.

Miaka yangu ya kabla ya 2021 haikufutwa, inahesabiwa kando kwa sheria ya zamani. Kwa hiyo mimi ni mtu wa mafungu mawili. Ninataka kusikia kutoka kwenu: nani amekaa chini akayapigia hesabu yote mawili? Na ninyi vijana mlioingia baada ya 2021, mnajua mna nini?


Hesabu_Kali

Afande, mimi ni mhasibu, si polisi, lakini kaka yangu ni koplo na hili nimelishughulikia kwa ajili yake.

Mfano wako wa cheo ni sahihi, ila niongeze upande mwingine. Kurutu anayeanza leo, tuseme mshahara wa msingi ni 30,000 na tuuache hapo ili hesabu iwe nyepesi. Mchango wa pande zote mbili ni 6,750 kwa mwezi, 81,000 kwa mwaka. Kwa miaka 30 bila faida yoyote ni 2,430,000. Uwekezaji ukizaa asilimia 3 kwa mwaka, anafika karibu 3,850,000. Ukizaa 6, anafika karibu 6,400,000.

Kijana huyu hajafanya chochote tofauti katika mifano hiyo miwili. Amelinda benki ileile usiku uleule. Tofauti ya zaidi ya milioni mbili na nusu imetoka kwa wanaowekeza pesa zake na hali ya uchumi. Zamani uwekezaji ukienda vibaya au bei zikipanda, mzigo ulikuwa wa serikali. Sasa ni wake. Hapo ndipo mabadiliko yalipo, wala si kwenye hayo makato.

Kwa hiyo swali la kuuliza kila mwaka ni: mfuko umetangaza faida ya asilimia ngapi, na mfumuko wa bei ulikuwa ngapi? Ya kwanza ikiwa chini ya ya pili, pesa yako imesinyaa hata kama namba imekua.

Jingine. Unaruhusiwa kuchangia zaidi kwa hiari. Na michango ya uzeeni haikatwi kodi ya mapato hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, kiwango kilichopandishwa kutoka 20,000 mwishoni mwa 2024. Kijana wa miaka 23 akiongeza hata 1,000 kwa mwezi sasa, itamfaa kuliko akiongeza 5,000 akiwa na 52.


Kurutu21

Shikamoo afande. Mimi niko kaskazini, kazi mwaka wa tatu. Nilidhani marupurupu ya mazingira magumu yanahesabiwa pia. Kumbe ni mshahara wa msingi pekee?


AfandeWaBonde

Marahaba kijana wangu. Msingi pekee. Posho ya nyumba, ya mazingira magumu, hizo zinaishia mfukoni mwezi huohuo. Ndiyo maana nawaambia msijipime kwa kile kinachoingia kwenye simu mwisho wa mwezi. Siku ya kustaafu posho zote zinabaki langoni.


Mstaafu_Sajini

Vijana, nimesoma yote. Nilistaafu 2017 chini ya mpango wa zamani, na ninaona mnausifia kama vile ulikuwa bustani. Haukuwa.

Mkupuo wangu ulichukua miezi kumi na moja. Faili lilitoka ofisi moja likaenda nyingine, likarudishwa kwa sababu barua ya kuajiriwa ilikuwa nakala hafifu, likaenda tena. Nilikuwa nimetoka nyumba ya serikali, nimepanga chumba, watoto wawili wako sekondari. Nilikopa kwa watu niliowahi kuwakamata. Sitaki kumtaja mtu wala ofisi, nataka tu mjue kwamba hesabu nzuri kwenye karatasi si chakula.

La pili ni zito zaidi. Katika mpango ule pensheni ilikuwa mikononi mwa mwajiri. Mwenzangu alifutwa kazi akiwa na miaka 19 ya utumishi. Kesi yake mimi naijua na nasema hakustahili, lakini tuseme alistahili. Alikwenda nyumbani bila chochote. Miaka 19! Na wale waliojiuzulu mapema vilevile. Watu walikaa kazini wagonjwa, wamechoka akili, wanakunywa, kwa sababu kuondoka kulimaanisha kupoteza kila kitu. Mimi nawajua waliojiua wakiwa wamebakiza miaka michache, na ninaamini kabisa kuwa wangekuwa na njia ya kutoka wangetoka.

Leo michango yako na faida yake ni mali yako. Ukichoka, unaondoka nayo ikiwa na jina lako. Hilo mimi sikuwa nalo.


AfandeWaBonde

Mzee wangu, nimesoma mara mbili. Pole kwa miezi hiyo kumi na moja. Kuhusu waliochoka na kushindwa kutoka, umesema jambo ambalo sikuliweka kwenye maandishi yangu na nilipaswa. Mimi mwenyewe 2014 nilitaka kuacha kazi baada ya tukio moja la barabarani ambalo bado naliota. Nilibaki kwa ajili ya pensheni. Sasa najiuliza ningekuwa na akaunti ningefanya nini.

Lakini bado nasema: uhuru wa kuondoka ungeweza kutolewa bila kuondoa uhakika wa anayebaki.


MamaKambi

Habari zenu. Mume wangu ni koplo. Niruhusuni niseme la nyumbani maana ninyi wanaume mnazungumzia kustaafu kana kwamba kila polisi hufika huko.

Sisi wake wa kambini tunazika. Na kila tunapozika, ugomvi huanza ofisini kwa sababu fomu ya wanaofaidika haikujazwa au ina jina la mtu wa zamani. Nimeona mjane mwenye watoto wanne akiambiwa jina lililoandikwa ni la mama mkwe. Marehemu aliandika akiwa kurutu, kabla ya kuoa, hakurudi tena. Mkwe alikuwa mtu mwema, wakaelewana. Si wote huwa na bahati hiyo. Sheria hii mpya inaitaka serikali iwe na bima ya maisha kwa wanachama, juu ya kilichomo kwenye akaunti. Pesa zipo, lakini zitatafuta jina.

La pili. Mume wangu alisimamishwa kazi kwa nusu mshahara miezi kumi na minne, kisha akarudishwa na kesi ikafutwa. Mshahara uliozuiliwa ukalipwa. Je, michango ya ile miezi ililipwa? Yeye hakuuliza, alifurahi tu kuvaa sare tena. Mimi ndiye nimeomba taarifa ya akaunti. Kuna pengo. Tunalifuatilia hadi leo. Wake wenzangu mnaosoma hapa, msiwaachie.

Na swali kwa Hesabu_Kali: akistaafu akanunua hayo malipo ya mwezi, akifa yeye mimi nabaki na nini?


Hesabu_Kali

Dada, inategemea aina atakayochagua siku ile, na kosa hapo halirudishwi nyuma. Akichukua ya mtu mmoja, anapata zaidi kidogo kila mwezi lakini malipo yanakoma na pumzi yake, isipokuwa kama amechagua na kipindi cha uhakika, yaani miaka ambayo malipo yanaendelea hata akifa. Akichukua ya wawili, inashuka kidogo lakini wewe unaendelea kulipwa. Pia aulize kama kiasi kitaongezeka kila mwaka au kitaganda palepale. Elfu ishirini ya leo haitakuwa elfu ishirini baada ya miaka kumi na mitano. Nendeni wawili. Mke awepo mezani karatasi inapotiwa saini.


Mjukuu_wa_Dodoma

Wakuu, niingie kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku kwetu Tanzania neno ni moja tu: kikokotoo, ile fomula ya kukokotoa mafao ya kustaafu.

Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa ikawa mmoja, PSSSF. Sisi tuliokuwa PSPF, mmoja wa ile ya zamani, tulizoea kugawanya kwa 540 na kuchukua nusu kama mkupuo. Kanuni mpya zikaleta 580 na mkupuo wa asilimia 25. Watu waliokuwa wamebakiza miezi wakaona nyumba zao zinayeyuka. Kelele zilikuwa kubwa mpaka Rais Magufuli akasimamisha kanuni hizo Desemba 2018. Julai 2022 kikaja cha asilimia 33. Halafu bajeti ya 2024/25 ikawapandisha waliokuwa wa nusu hadi 40, na waliokuwa wa robo hadi 35.

Ninachotaka kuwaambia ndugu zetu ni kwamba sisi tulipigania sana mkupuo, na ninaelewa kwa nini. Mtu hana nyumba, ametumika miaka 35, anataka kujenga. Lakini fomula ilibakiza 580, na ile inagusa kila mwezi wa uzee wako. Tulitazama theluthi na nusu, tukasahau namba inayogawanya. Msifanye kosa hilo. Huko kwenu pia naona watu wanaulizia theluthi tu.


Mkenya_Leeds

Shikamooni. Mimi niko Uingereza miaka mingi, mume wangu ni polisi wa huku. Afande, kisa chako cha miezi mitatu kimenigusa kwa sababu huku kililipuka mahakamani.

Mume wangu aliingia kwenye mpango wa 1987: unatumika miaka 30, unastaafu na theluthi mbili ya mshahara wa mwisho. 2015 ukaletwa mpango mwingine. Hesabu inatokana na wastani wa mishahara ya kazi yote, kila mwaka unapata sehemu moja ya 55.3, na umri wa kawaida wa kustaafu ni 60. Walioachwa kwenye ule wa zamani ni waliokuwa karibu kustaafu, ndani ya miaka kumi kufikia 1 Aprili 2012. Wengine wakahamishwa, kukiwa na ulinzi wa muda kwa wa katikati. Wenzi wa gari moja la doria wakawa na uzee wa aina mbili, kama wewe na rafiki yako.

Majaji na wazima moto wakashtaki. Desemba 2018 Mahakama ya Rufaa ikasema ule ulinzi wa waliokuwa na umri mkubwa ulikuwa ubaguzi wa umri. Serikali ikakubali kuwa uamuzi unagusa na polisi. Sasa kwa utumishi wa tangu 1 Aprili 2015 hadi 31 Machi 2022, kila aliyeguswa anachagua mpango upi utumike, wengi wakiamua siku ya kustaafu.

Lakini sikilizeni sehemu hii. Kuanzia 1 Aprili 2022 usawa ulipatikana kwa kuwahamisha wote, hata wale wazee waliokuwa wamelindwa. Waliodhani kushinda kesi ni kurudi 1987 moja kwa moja walivunjika moyo. Mume wangu amepata miaka saba ya kuchagua, hakupata zaidi. Na afisa wa mpango wa 1987 aliye kazini bado anagawanyika: fungu moja anaweza kulichukua akiwa na umri wa miaka ya 50, lingine linamngoja 60 au akatwe akilichukua mapema.

Kwa hiyo mkifikiria mahakama, fikirieni vizuri mnaomba nini.


AfandeWaBonde

Dada, asante sana. Katiba yetu, Kifungu 27, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi na umri umo. Nilikuwa nimelishika hilo kama fimbo. Umenionyesha kwamba fimbo hiyo ina ncha mbili. Sitaki ushindi ambao rafiki yangu wa Desemba 1975 ananyang'anywa chake ili tuwe sawa.

Hapa tatizo letu jingine ni sauti. Walimu wamo kwenye mpango huuhuu, lakini wana vyama. Sisi Kifungu 24 kinaruhusu haki zetu za kazi kuwekewa mipaka, hatuna chama cha kutusemea mezani. Wanajeshi hawakuingizwa kabisa, wana mpango wao. Ndiyo maana ule mswada ulioletwa Bunge la Kitaifa 2025 wa kututoa polisi ndani ya PSSS ulipokelewa kwa matumaini makubwa kambini. Naunga mkono nia yake. Risasi haiulizi kama wewe ni mwanajeshi au konstebo. Ila nawaambia wenzangu wasiache kufuatilia akaunti zao wakingoja Bunge. Michango iliyokwisha kukatwa itahitaji kuonekana kwenye rekodi, twende au tubaki.


Kurutu21

Afande, na nyongeza za mshahara zilizoanza Julai 2024? Zinatusaidia?


AfandeWaBonde

Zinasaidia kuanzia siku zilipoanza. Mchango wako umekua tangu hapo. Lakini hazirudi nyuma kuinua miaka iliyopita, kama ambavyo zingefanya kwa rafiki yangu. Yeye kila nyongeza inaingia kwenye mshahara wa mwisho na kuzidishwa na miezi yote tangu 1998. Wewe una bahati moja, uko mwanzoni. Kwako nyongeza ya mapema ni dhahabu, ina miaka mingi ya kuzaa. Tuliochelewa ni sisi wa katikati.


Mstaafu_Sajini

Afande, hapo umenena. Na mniruhusu niongeze: kila afisa aweke nakala zake mwenyewe nyumbani. Barua ya kuajiriwa, kila barua ya uhamisho, kila barua ya cheo. Mafungu mawili maana yake ni faili mbili, na mimi moja tu lilinichosha miezi kumi na moja.


AfandeWaBonde

Wiki mbili baadaye. Nimerudi na taarifa.

Nilikwenda kuomba maelezo ya akaunti yangu na kuangalia fomu. Michango yote ipo tangu Januari 2021, nimehesabu mwezi kwa mwezi na hati za mshahara mezani. Lakini kwenye rekodi za zamani tarehe yangu ya kuajiriwa imeandikwa 1999. Mwaka mzima. Kwa mshahara wangu, miezi 12 ni moja ya arobaini ya mshahara wa mwaka, kila mwaka, maisha yangu yote. Barua ya asili ninayo, mama aliitunza kwenye sanduku lake la nguo. Nimepeleka nakala na kugongewa muhuri wa kupokelewa.

Na MamaKambi, fomu ya wanaofaidika ilikuwa na jina la baba yangu. Baba alifariki 2009. Nimebadilisha. Mke wangu alikuwa pembeni yangu nikiandika.


MamaKambi

Mungu akubariki, shemeji.


Kurutu21

Afande nimepata yangu pia. Oktoba na Novemba 2023 hazionekani, ndiyo miezi niliyohamishwa. Hati za mshahara zinaonyesha nilikatwa. Naandika barua leo usiku nikitoka lindo.


AfandeWaBonde

Ambatisha hati zote mbili, na usiondoke bila muhuri.